Mzinga wenye midomo miwili: somo la silaha nzito, kutoka Force Publique hadi Kambi Lwama

 Leo siandiki juu ya mitihani wala juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya silaha. Msikimbie, mtaona kwa nini.

Mwaka 2025 vita ilitugusa sisi wote. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na kati ya siku hizo Rais akawaita vijana wajiandikishe jeshini kwa wingi. Hapa Kindu tuliona wengine wakienda kweli. Mmoja wao ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, mwenye lisansi yake mkononi na miaka miwili ya kukaa nyumbani bila kazi. Alikuja jioni kutuaga. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, Mikelenge, sahani ya wali na sombe katikati.

Baba mdogo alikuwa askari zamani, tangu enzi za Mobutu. Alitoka na cheo cha ajida, na sikio la kushoto halisikii. Hakumkataza mtoto wake. Hakumsifu pia. Alimuuliza kitu kimoja tu:

«Batakufundisha miezi ngapi?»

«Sijue, baba.»

«Basi ujue kwanza. Kisha njo uende.»

Kimya. Halafu mzee akaanza kusimulia habari ambayo mimi, na umri wangu huu, sikuwahi kuisikia kwake. Nitawaambia, lakini si sasa. Kwanza nataka tupite pamoja kwenye historia, maana usiku ule nilirudi kwenye vitabu vyangu na nikaona kwamba swali la mzee, miezi ngapi, ndilo swali ambalo jeshi la nchi yetu limeulizwa kwa miaka zaidi ya sitini.

SILAHA YENYEWE NI NINI?

Baba mdogo alihudumu kwenye kikundi cha mzinga mwepesi wa kupiga magari ya kivita. Askari wetu huuita kwa Kifaransa, kano san rekili, yaani mzinga usiopiga teke. Sio bunduki ya mtu mmoja. Mmoja analenga, mmoja anapakia, mmoja anaamuru, wengine wanabeba makombora. Akikosekana mmoja, au mmoja akiwa hajui kazi yake, wote wako hatarini.

Kwa nini haupigi teke? Nyinyi wa sayansi mnakumbuka sheria ya tatu ya Newton. Mzinga wa kawaida ukirusha kombora mbele, wenyewe unasukumwa nyuma kwa nguvu ileile, ndiyo maana unatengenezwa mzito sana, na magurudumu na miguu ya chuma. Mzinga wa milimita 75 wa zamani ulipita tani moja. Afisa wa majini wa Marekani, Cleland Davis, kabla ya Vita vya kwanza vya dunia, alipata wazo jingine: aliunganisha mizinga miwili iliyopeana mgongo. Kombora likitoka mbele, uzito wa grisi na risasi ndogo za madini ulitupwa nyuma. Nguvu zikalingana, mzinga ukatulia mahali pake.

Baadaye wahandisi waliona kuwa hata ule uzito si lazima. Inatosha kuacha gesi ya baruti yenyewe itoke nyuma kwa kasi kubwa. Wajerumani waliwapa askari wao wa miavuli mizinga ya aina hiyo, na ilitumika Krete mwaka 1941. Wamarekani walitoa ya milimita 57 na ya milimita 75 mwaka 1945. Ile ya 75 yenyewe, bila miguu yake, ilikuwa na kama kilo hamsini. Hebu linganisha na tani moja! Watu wachache wanaibeba mabegani na kupanda nayo mlima. Wachina waliinakili, Warusi wakatengeneza zao za milimita 82 na baadaye 73. Kwa nchi maskini na kwa waasi wa porini ilikuwa kama zawadi: silaha inayoweza kusimamisha gari la chuma, na haihitaji hata barabara.

Lakini zawadi hiyo ina bei. Ile nguvu iliyokuwa inampiga teke mzinga haikupotea. Imetoka nyuma, moto na gesi na mawe na vumbi, kwa makumi ya mita. Aliyesimama pale anaungua, au anapasuka ndani bila jeraha kuonekana. Kukiwa na ukuta nyuma, moto unarudi kwa wapigaji wenyewe.

Baba mdogo alisema hivi, na sijakuta kitabu kilichosema vizuri zaidi:

«Ile kano iko na midomo mbili. Ya mbele ni ya adui. Ya nyuma ni ya yeyote mwenye atasimama pale. Haiulizake matrikile.»

Kwa hiyo mafunzo ya silaha hii, popote duniani, yanaanzia nyuma. Kabla ya kulenga, kuna mtu ambaye kazi yake ni kugeuka, kutazama kwa macho yake mwenyewe, na kusema kwa sauti kwamba nyuma ni wazi. Mlengaji hagusi kifyatulio mpaka asikie neno hilo. Ikiwa kombora limekataa kutoka, hakuna anayekimbilia kufungua. Wanangoja, wanafuata hatua walizofundishwa moja baada ya nyingine, na hakuna anayepita mbele wala nyuma. Mambo madogo kama hayo. Kuyajua kunachukua saa moja. Kuyazoea mpaka mwili uyafanye wenyewe katikati ya kelele na hofu kunachukua miezi.

Niwape mfano mmoja wa jinsi majeshi makini yanavyoogopa kosa dogo. Wamarekani walikuwa na mzinga wa aina hii ulioitwa wa milimita 106. Ukiupima mdomo wake utakuta milimita 105! Waliupa namba ya uongo kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na mzinga mwingine wa 105 kabla yake ambao makombora yake hayakufaa kwenye huu. Waliona afadhali namba idanganye kuliko askari aliyechoka, usiku, apakie kombora lisilo lake. Mimi kila nikifikiria jambo hilo nasema: hapo mtu alikaa akamfikiria askari mdogo kabisa.

JESHI LILILOFUNDISHWA KUBEBA

Sasa turudi kwetu. Force Publique ilizaliwa miaka ya 1880, na kwa zaidi ya miaka sabini ilikuwa jeshi la askari weusi na maafisa weupe. Tusiidharau. Askari hao walifika Tabora mwaka 1916, na mwaka 1941 walikuwa Ethiopia, Asosa na Saio, ambako majenerali wa Italia walijisalimisha. Reli iliyoanzia hapa Kindu kwenda Kongolo, na baadaye ile ya Kabalo kwenda Ziwa Tanganyika, ilikuwa sehemu ya njia iliyopitisha watu na mizigo ya vita. Babu zetu waliijua vita.

Ila waliijua kwa mkono, si kwa cheo. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilikuwa na askari kama 25.000 na maafisa Wabelgiji kama elfu moja. Mkongomani mwenye cheo cha juu kabisa alikuwa ajida. Yaani cheo cha baba mdogo. Fikirini: katika nchi nzima hapakuwa hata na luteni mmoja wa kwetu aliyewahi kuamuru kikosi na kubeba lawama ya kosa lake.

Siku tano baada ya uhuru askari waliasi, Thysville na Léopoldville. Maafisa Wabelgiji wakakimbia au wakafukuzwa, na maajida wakavishwa vyeo vya kanali kwa siku chache. Sisi hupenda kusema Wabelgiji hawakutuachia wasomi. Ni kweli. Lakini kuna kitu kingine hawakutuachia: tabia ya kuuliza «nani yuko nyuma?» kabla ya kufyatua. Kazi hiyo ya kutazama na kuamua walikuwa wamejiwekea wao wenyewe.

Kindu ililipa bei ya hilo mapema. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua hapa, zikiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani. Wahudumu wake 13 walikuwa Waitaliano. Askari wa jeshi letu waliwadhania kuwa Wabelgiji wa upande wa Katanga. Hakuna aliyehakikisha, na kama alikuwepo, hakusikilizwa. Wote 13 waliuawa. Ukitua leo Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, utakuta mnara wao. Jina la mji wetu Waitaliano wengi wanalijua kwa ajili ya jambo hilo moja tu. Mimi huona haya kuliandika, lakini mwanahistoria asiyeandika la aibu ni mpiga zumari tu.

DAWA ILISEMA USITAZAME NYUMA

Mwaka 1964 Simba walikuja. Walichukua Kindu mwishoni mwa Julai, chini ya Nicolas Olenga, na siku chache baadaye Stanleyville. Wazee wetu wanawakumbuka: majani kichwani, ngozi za wanyama, na kilio cha «Mai Mulele!» Walikuwa na mikuki, mapanga, na bunduki walizowanyang'anya askari waliokimbia. Na walikuwa na dawa.

Tusicheke dawa. Ilikuwa na masharti yake, na masharti ni aina ya nidhamu. Usiibe. Usiguse mwanamke. Na katika mapigano: nenda mbele moja kwa moja, usigeuke, usitazame nyuma. Aliyepigwa risasi ilisemekana amevunja sharti. Kwa vijana wasiokuwa na mafunzo yoyote, masharti hayo yalifanya kazi ya sajini: yaliwaweka pamoja, yakawaondolea hofu. Na adui aliyeamini dawa ileile alikimbia kabla ya risasi ya kwanza. Ilifaa, mpaka ilipokutana na watu wasioiamini na magari yao ya kivita. Mwanzoni mwa Novemba 1964 msafara wa jeshi pamoja na mamluki wa Mike Hoare uliondoka Kongolo. Tarehe 5 Novemba ulikuwa ndani ya Kindu, ndege zikiusaidia kutoka juu. Mkuki haufanyi kitu kwa chuma.

Hapo ndipo mzinga wetu wa midomo miwili unaingia. Mwaka 1965 uasi ulikuwa umebaki zaidi upande wa Fizi na Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Silaha za Kichina na za Kirusi zilivuka kutoka Kigoma. Usiku wa Aprili 24 alivuka pia Che Guevara na Wakuba wake wa kwanza, wakafika Kibamba. Walijipa majina ya Kiswahili kwa kufuata namba: Dreke akawa Moja, Che mwenyewe akawa Tatu. Baadaye walizidi mia moja. Kazi waliyoijia kwanza ilikuwa kufundisha, na kati ya silaha za kufundisha ulikuwemo mzinga usiopiga teke wa milimita 75.

Che aliandika kitabu juu ya miezi ile saba, na neno lake la kwanza ndani yake ni kukiri kwamba walishindwa. Nawashauri mkisome. Anaeleza jinsi silaha zilivyorundikwa ufukweni bila mpango, silaha huku na risasi zake kule. Anaeleza jinsi ilivyokuwa shida kupata wa kubeba mizigo: wapiganaji walijibu kwamba wao si malori. Anaeleza wapiganaji waliofumba macho wakifyatua na kushikilia mpaka risasi zimalizike. Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia Bendera, kwenye bwawa la umeme. Wapiganaji wengi walikimbia, Wakuba wanne wakafa, na kwenye maiti ya mmoja adui alikuta daftari iliyomwonyesha kwamba Wakuba wako Kongo.

Wengi husoma kurasa hizo wakasema, basi Wakongomani hawajui kupigana. Mimi nasoma kitu kingine. Nasoma swali la lugha. Mkufunzi anasema Kihispania. Mkubwa wa Kikongomani anasikia Kifaransa. Mpiganaji anasikia Kiswahili au Kibembe, na Wanyarwanda waliokuwa nao wanasema Kinyarwanda. Che alimchukua kijana mdogo, Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili. Sasa, amri ya «ngoja, kuna mtu nyuma» ikipita lugha tatu, inafika wakati mtu yule ameshaungua.

Na nasoma pia mgongano wa masharti mawili. Sharti la dawa: usitazame nyuma. Sharti la kwanza la mzinga ule: tazama nyuma. Kijana aliyeambiwa na mganga wake kwamba akigeuka anakufa, mkufunzi mgeni anamwambia kwamba asipogeuka anaua. Nani atamwamini, mzee wa kijiji chake au mtu asiyejua hata kumsalimia mama yake? Hilo halitatuliwi kwa kupiga kelele. Linahitaji muda wa kukaa pamoja, na muda huo hawakuwa nao. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Novemba Wakuba walivuka ziwa, wakarudi.

KAMBI LWAMA

Tupite haraka miaka ya Mobutu. Wafaransa, Waisraeli, Wachina, Wakorea ya Kaskazini, Wabelgiji, wote walikuja kufundisha kikosi hiki au kile, kila mmoja na silaha zake na amri zake. Askari wa kikosi kimoja hakuweza kushika silaha ya kikosi cha pili. Tulikuwa na walimu wengi. Shule tulikosa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zamu ilifika Kindu. Wakufunzi wa jeshi la Ubelgiji walikaa Kambi Lwama, wakafundisha pamoja na maafisa wetu batalioni za kuingilia kati kwa haraka: ya 321, ya 322, ya 323. Waliokuwa mjini wakati ule wanakumbuka vijana wakikimbia alfajiri kwa nyimbo, na mama zetu wakiuza mikate karibu na njia. Wabelgiji walisema Kifaransa, askari wakaelewana kwa Kilingala, ambacho ndicho lugha ya jeshi tangu Force Publique, na jioni kwenye soko wakanunua kwa Kiswahili. Safari hii mafunzo yalihesabiwa kwa miezi, na yalikuwa na daraja: mtu, kikundi, kampuni, batalioni. Hilo ni jambo jema na tuliseme.

Lakini tuseme na la pili. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha batalioni nyingine, ya 391, huko Kisangani, na mafunzo hayo yalikuwa na masomo ya haki za binadamu. Novemba 2012, jeshi likirudi nyuma kutoka Goma mbele ya M23, askari waliingia Minova. Kilichowapata wanawake wa Minova mnakijua. Askari wa 391 walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kesi ilisikilizwa Goma, washtakiwa 39, hukumu ikatoka Mei 2014, na kwa ubakaji walipatikana na hatia wawili tu.

Hapo maneno ya baba mdogo yalinirudia kwa sura nyingine. Jeshi lote ni mzinga wenye midomo miwili. Mdomo wa mbele unamtazama adui. Wa nyuma unatutazama sisi, raia, ambao daima tuko nyuma. Ukimfundisha askari kulenga mbele tu, bila mshahara unaofika, bila mkubwa anayeadhibiwa akikosea, bila chakula, basi siku ya kurudi nyuma moto wote unatoka kwetu. Na hiyo haitibiwi na somo la wiki mbili.

Tena silaha haihitaji hata vita ili kuua. Mbagala, Dar es Salaam, Aprili 2009, ghala la silaha lililipuka, watu zaidi ya ishirini wakafa. Gongo la Mboto, mji uleule, Februari 2011, vilevile. Brazzaville, ng'ambo tu ya Kinshasa, tarehe 4 Machi 2012, ghala la Mpila lililipuka na watu zaidi ya mia mbili walikufa. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja katika miji hiyo.

HABARI YA BABA MDOGO

Nilisema nitawaambia.

Ilikuwa mazoezi, si vita. Kambi sitaitaja, wala mkubwa wake, wengine bado wako hai na wengine wana watoto tunaosoma nao. Baba mdogo alikuwa mpakiaji, kwa hiyo kazi ya kutazama nyuma ilikuwa yake. Walikuwa wamefundishwa mzinga ule siku tisa. Siku tisa! Siku ya kumi walikuja wageni kutazama, na wakubwa walitaka mambo yaende upesi. Baba mdogo aligeuka, akaona pako wazi, akasema neno. Lakini mkubwa akasimamisha, kwa sababu mgeni mmoja alikuwa bado hajafika mahali pake. Wakangoja. Jua kali. Kisha amri ikaja ghafla, upesi upesi, na baba mdogo hakugeuka mara ya pili. Alikuwa ameshatazama, si ndiyo?

Katika dakika zile za kungoja, kijana mmoja aliyetumwa maji alikata njia nyuma yao na kidumu kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote kuhusu mdomo wa nyuma, kwa sababu hakuwa wa kikundi cha mzinga.

Baba mdogo alisema hakusikia kilio. Sikio lilikuwa limekwisha kufa kwa mlio. Alijua tu kwa kuona nyuso za wageni.

Ripoti iliandikwa kwamba mpakiaji hakutimiza wajibu. Alikaa siku thelathini gerezani kambini, akatoka, akaendelea na kazi miaka mingi, akapanda cheo, akatulea. Na miaka yote hiyo aliamini ameua yeye. Mdogo wangu alimuuliza, «Sasa baba, ni kosa ya nani?» Mzee alikaa muda mrefu akichokoa sahani.

«Ya mimi iko mule ndani,» akasema. «Sikugeuka. Lakini haiko ya mimi peke. Siku tisa, ile si mafundisho. Ile ni kuonyeshwa.»

Kuonyeshwa! Nimesoma miaka mitano historia ya nchi hii na sikuwahi kupata neno linaloifungua namna hiyo. Force Publique ilionyeshwa. Waasi wa 1965 walionyeshwa. Na leo, ndugu zangu, tunaona kwenye simu zetu picha za vijana wa Wazalendo wamebeba mabegani mirija ambayo hawajui hata ilitengenezwa nchi gani, marafiki wamesimama nyuma yao wakipiga picha. Nyuma yao kabisa! Kila nikiona picha hiyo nataka kupiga kelele ndani ya simu.

TUFANYE NINI SISI?

Mimi si askari, na siandiki hapa kumwambia mtu aende au asiende. Nchi imevamiwa, na anayeenda kuilinda simcheki. Lakini sisi ni wahitimu. Kazi tuliyojifunza ni kuuliza. Basi kijana wa kwenu akija kuaga, msimpe baraka tu na pesa ya safari. Muulizeni, na mumfundishe kuuliza: nitafundishwa miezi mingapi? Kwa lugha gani? Nikiona kosa, naruhusiwa kusema «simama» hata kama mkubwa ana haraka?

Hilo la mwisho ndilo zito. Katika mzinga ule, kwa sekunde moja, mtu mdogo kabisa kwenye kikundi ana uwezo wa kumzuia mkubwa. Neno lake likikosekana hakuna kufyatua. Jeshi linaloweza kuvumilia jambo hilo, hata kwa sekunde ile moja, ni jeshi ambalo mimi ningelala usingizi likiwa karibu na nyumba yangu. Na nchi pia.

Mdogo wangu aliondoka baada ya siku nne. Alikwenda kuuliza kwanza, kama alivyoambiwa, akarudi na jibu. Mzee alilisikiliza kwa sikio lake zima, akatikisa kichwa polepole, sikujua kama ni ndiyo au ni hapana. Asubuhi alimsindikiza mpaka kivukoni. Alimshika bega, akamwambia kitu ambacho sikukusudiwa kusikia lakini nilisikia, maana asiyesikia vizuri husema kwa sauti:

«Hata bakucheke, geuka mara ya pili.»

Wenzangu, wenye wazee waliohudumu, waulizeni wangali hai, na mtuandikie hapa chini. Tusibaki kuonyeshwa tu.